Fundi wa Dari na Sahani ya Baba Yake

Hakuna aliyemlisha mzee jipsamu. Ni vizuri hilo likasemwa kabla ya lingine lolote, kwa sababu uvumi ulipotoka saluni ulikuwa mdogo, ukapita kwa muuza mkaa ukanenepa, na ulipofika duka la kona ulikuwa umeota mikono na miguu: kwamba kitindamimba wa nyumba ya mpima ardhi, yule fundi wa dari, alimkorogea baba yake unga wa jipsamu kwenye uji, kwamba uji uligandia tumboni, kwamba waliokwenda kumjulia hali mzee walimgusa mgongoni wakasikia mlio wa ukuta. Mwenye kuyaanzisha hayo anafahamika. Alikuja kuazima ngazi, akachungulia dirisha la jikoni la watu, akaona mfuko wa jipsamu mezani na paja la kuku kando yake, na badala ya kuuliza akaondoka na ngazi na habari. Ngazi aliirudisha.

Mfuko ulikuwepo, halikataliwi hilo. Ulikuwa wa kilo ishirini na tano, mpya, umefunguliwa asubuhi hiyo hiyo. Paja nalo lilikuwepo. Lakini kilichokuwa kinafanyika jikoni siku ile kina maelezo yake, na ni maelezo yasiyomwaibisha mtu yeyote wa nyumba hiyo, isipokuwa labda kidogo, mahali pamoja, na mahali penyewe patafikiwa.

Huyo fundi ana miaka thelathini na minane. Anaweka dari za jipsamu: mabamba yale meupe, mikanda inayozunguka kuta, na maua makubwa ya duara yanayobandikwa katikati ya sebule, pale panapotoka waya wa taa. Maua huyamimina mwenyewe kwenye kalibu, akangoja yakauke, akayabandua bila kuvunja jani hata moja. Baba yake alipima ardhi kwa miaka thelathini na mmoja, mtu wa kamba, vigingi na darubini, na alitamani sana mmoja wa wanawe ashike kamba hiyo. Mkubwa alikwenda kwenye ualimu, akaoa mwalimu mwenzake, akafariki kabla hata mvi hazijamwota. Akabaki huyu, ambaye yeye na hesabu hawakuwahi kupatana. Mzee hakumfokea kwa hilo. Alifanya kibaya zaidi. Kila mgeni alipomuuliza mwanao anafanya kazi gani, alijibu kwa upole kabisa, "Anabandika maua mahali ambapo hakuna anayepaangalia." Na mwana akiwa amekaa pale pale, ameshika birika la chai, akitabasamu kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

Kisha kiharusi kikamkuta mzee bafuni, ndevu zikiwa zimenyolewa upande mmoja. Mkono wa kushoto ukalala, mguu wa kushoto ukawa unaburutwa. Ulimi kiliuacha salama, jambo ambalo wauguzi wa wodi aliyolazwa walilitambua kabla ya saa mbili kupita. Kilichoharibika ni koo. Vitu vigumu havikushuka, vilipotea njia vikamkaba, na daktari akaagiza kila atakachokula kisagwe mpaka kiwe rojo.

Nyumbani walikuwa watatu: mzee, fundi, na yule mwalimu, mjane wa marehemu kaka yake, ambaye hakuihama nyumba hiyo baada ya kufiwa na wala hakuna aliyemtaka aihame. Mwalimu ndiye aliyesaga. Alisaga kuku, akasaga viazi, akasaga mboga za majani, akapakua mafungu matatu sahani moja: la kahawia, la kijani, la rangi ya udongo. Mzee aliitazama sahani ile kwa muda, akashika kijiko kwa mkono wake mzima, akauliza, "Hiki kimeshaliwa na nani?"

Hata hivyo alikula. Alikula nusu, akaweka kijiko chini, akajifuta mdomo. "Nimemaliza."

Siku ya pili nusu. Siku ya tatu nusu. Na si nusu ya kubahatisha. Ilikuwa nusu iliyonyooka, mafungu yamekatwa katikati kama kwa uzi, upande mmoja sahani inang'aa na upande wa pili chakula kimesimama wima kama ukuta. Katika nyumba nyingine watu wangejiuliza. Katika nyumba ya mpima ardhi hakuna aliyejiuliza, kwa sababu kila mtu alielewa papo hapo: mzee amepima, ameweka mpaka. Huku kwangu, huko kwenu. Dada yake mzee, shangazi mwenye mdomo usio na breki, alipokuja kumwona alithibitisha kwamba tabia ile ni ya utotoni, kwamba walipokuwa wakilala kitanda kimoja kaka yake alichora mstari kwenye shuka kwa mkaa, na ole wake aliyeuvuka hata kwa kidole cha mguu. Wakambembeleza, wakamtania, shangazi akamtishia kumlisha kwa mkono kama mtoto. Mzee akamwangalia kama mtu anayemwangalia kichaa barabarani. Amemaliza, wanataka amalize mara ngapi?

Kilo zikaanza kumtoka. Aliingia hospitali na sitini na tisa. Alipopelekwa kliniki mara ya kwanza mzani ulisoma hamsini na tatu. Daktari akasema waziwazi, mbele ya mgonjwa, kwamba anawapa wiki tatu. Wakirudi na mzani ukasoma chini ya hapo, hana budi kumwekea mpira wa kupitishia chakula puani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akamjulisha daktari kwamba yeye amechomeka vigingi kwenye ardhi za watu kwa miaka thelathini na mmoja, lakini wa kumchomeka yeye kitu puani bado hajazaliwa.

Utani huo ulichekesha chumba kizima. Fundi hakucheka. Alikuwa amemshika baba yake ubavuni ili asianguke, na vidole vyake vilikuwa vinahesabu mbavu bila yeye kutaka.

Wiki ile ile alikuwa na kazi kwenye hoteli moja, dari ya ukumbi wa kulia chakula. Nusu ya ukumbi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya ukarabati, na jukwaa lake la mbao lilikuwa karibu na meza ndefu ya mawe ambako sahani hupangwa kabla ya wahudumu kuzichukua. Mtu wa dari anafanya kazi amelala chali. Shingo ikichoka anageuka kifudifudi ajinyooshe, na alipogeuka alijikuta anazitazama sahani kutoka juu, kama ramani.

Mpishi mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye umri wa hamsini na kitu, na kitambaa cheupe begani ambacho hakuna aliyewahi kumwona bila hicho. Hakuna sahani iliyotoka mezani pale kabla hajaizungushia kitambaa ukingoni. Wafanyakazi walimwita Bi Kitambaa, akiwa mbali. Fundi alimtazama siku mbili. Aliona mkono ule ukiweka kipande cha samaki, ukikisogeza kidogo, ukikiegemeza kwenye viazi. Aliona mchuzi ukichorwa kwa mgongo wa kijiko kama rangi. Siku ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Samahani, mama," aliita kutoka juu, "hiyo karoti imekaa kombo."

Bi Kitambaa hakuinua kichwa. "Anayesema ni malaika au fundi?"

"Fundi."

"Nilijua. Malaika angeona kwamba nimeiweka kombo kusudi."

Jikoni walicheka mpaka mtu mmoja akaangusha mwiko. Fundi akashuka. Alishuka ili aombe radhi, na akajikuta anaeleza habari za baba yake, mafungu matatu ya rojo, mzani, mpira wa puani. Bi Kitambaa alisikiliza huku akipangusa sahani iliyokwisha kuwa safi. Fundi alipomaliza, akamwambia arudi saa tisa alasiri, wateja wa mchana wakiwa wameondoka na wa jioni hawajaja, na anawe mikono mpaka kwenye viwiko.

Ndivyo fundi wa dari alivyoanza kufundishwa kupakua. Alidhani litakuwa somo la siku moja. Likawa la kila alasiri. Alifundishwa kwamba chakula kisilale kwenye sahani kama mtu mwenye homa, kiinuke. Kwamba vitu vikae vitatu au vitano, maana vikiwa viwili au vinne vinatazamana kama watu waliogombana. Kwamba mchuzi unatangulia chini, haumwagwi juu kama mtu anayezima moto. Kwamba sehemu nyeupe ya sahani nayo ni chakula cha macho, iachwe ipumzike. Alipewa viazi vilivyopondwa na kuambiwa avijenge. Akavijenga, vikaporomoka, akavijenga tena. Mchuzi ndio aliouweza mara moja. Mtu aliyezoea kupitisha ukanda wa jipsamu ukutani bila rula hawezi kushindwa na mstari wa nyanya. Bi Kitambaa aliukagua mstari ule kutoka kila upande, akatafuta kosa, akalikosa.

"Mkono unao," akakubali. "Kichwa ndicho bado kiko darini."

Alikuwa amesema kweli, na ushahidi ulitokea nyumbani jioni ya siku ya sita. Fundi alimwomba shemeji yake ampishe jikoni. Alikaa humo saa nzima. Alipotoka alikuwa amebeba sahani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba cheti. Katikati ya sahani palikuwa na ua kubwa la karoti iliyosagwa, petali kumi na mbili, zote sawa. Kuzunguka ukingo palikuwa na mkanda wa mboga za majani wenye vijipinde, na kwenye kila pembe, kama duara lingekuwa na pembe, palikuwa na tone la viazi lenye ncha.

Mzee aliinama kidogo. Akaangalia ua. Akaangalia mkanda. Akainua macho kwa mwanawe.

"Sasa nile," akauliza, "au nining'inize taa?"

Mwalimu alijitia kukohoa akaenda uani. Fundi mwenyewe alicheka, maana hakuwa na la kufanya. Alikuwa amempakulia baba yake dari ya sebule, kitu na boksi. Mzee akala. Akala petali sita na nusu ya mkanda, akaweka kijiko, akatangaza kwamba amemaliza. Likabaki ua nusu, petali sita zimesimama wima zikimkodolea macho mtengenezaji.

Hapo ndipo linapoingia lile paja la kuku, na wenye masikio wasikilize vizuri. Bi Kitambaa hakumtuma kufanya hivyo. Lilikuwa wazo lake mwenyewe. Aliwaza kwamba tatizo ni rojo, kwamba mzee amechoka kula kitu kisicho na umbo, na kama kuna mtu mjini anayejua kukipa kitu umbo basi ni yeye. Akanunua paja la kuku, akakoroga jipsamu, akalichovya humo apate kalibu. Ilipokauka akalitoa paja, akatandika ndani ya kalibu karatasi safi ya nailoni ili jipsamu isiguse chakula, na haikukigusa. Akajaza kuku aliyesagwa pamoja na viazi vya kukishikiza, akaweka kwenye friji mpaka kikaganda vizuri, akakitoa, akakipaka mchuzi mzito wa kahawia. Aliyekiona asingesema ni rojo. Mwalimu mwenyewe, mtu mzima mwenye vyeti vyake ukutani, alinyoosha mkono akitaka kuonja pembeni, akajikumbusha.

Mzee alipoliona lile paja uso wake ulibadilika. Zilikuwa wiki nyingi tangu aonekane hivyo. Aliacha kijiko. Akanyoosha mkono wa kulia, akalishika mwishoni kwa vidole viwili, kama mwanamume anayejua anachokula, akaliinua kuelekea mdomoni.

Likakatikia njiani. Nusu ikaanguka mapajani, nusu ikampondekea vidoleni na kuteremka ndani ya mkono wa shati.

Mzee aliutazama mkono wake. "Umenitega," alimwambia mwanawe, kwa sauti ndogo, bila utani wowote, na hakula kitu kingine jioni ile. Fundi alimnawisha kidole kimoja kimoja. Kisha akaichukua kalibu, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaivunja kwa nyundo mpaka ikawa unga. Hilo yule aliyeazima ngazi hakukaa kulishuhudia.

Mzani mdogo wa nyumbani ulisoma hamsini na mbili. Zilibaki siku tisa.

Kesho yake fundi hakupanda jukwaani. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akamwambia Bi Kitambaa kwamba amefika mwisho. Baba yake ni mkaidi, ameweka mpaka, na mpaka wa mpima ardhi hausogezwi kwa maua. Bi Kitambaa akamuuliza swali ambalo hakulitarajia.

"Sahani zinazorudi zikoje?"

Hakulielewa. Bi Kitambaa akamshika kiwiko akampeleka kwenye sinki, ambako sahani zilizotoka ukumbini zilikuwa zimelundikwa zikisubiri kuoshwa. Kumbe kila siku husimama pale dakika kumi, akizikagua kama mwalimu anayesahihisha. Huyu ameacha ngozi ya samaki, basi haikukauka vizuri. Hawa wanne wote wameacha kitunguu, basi kimezidi. "Zikienda zinanisifu mimi," alisema. "Zikirudi ndio zinanieleza habari za mlaji. Wewe hujaniletea hata moja."

Fundi alikumbuka kwamba nyumbani kuna daftari. Shemeji yake, kwa tabia ile ile iliyomfanya asipoteze risiti wala cheti cha kuzaliwa cha mtu yeyote katika familia, alikuwa akiandika kila mlo tangu waliporudi kliniki: tarehe, saa, kilichopakuliwa, na pembeni duara dogo la sahani, ambalo alilitia kivuli cha penseli pale chakula kilipobaki. Fundi hakuwahi kulifungua. Akalikimbilia, akalileta, wakalifunua juu ya meza ya mawe.

Miduara ilikuwa thelathini na sita. Bi Kitambaa aliipitia taratibu, karatasi moja baada ya nyingine, kisha akaacha kupangusa.

"Kivuli kiko kushoto."

"Ndiyo, ni nusu. Ndilo ninalokwambia."

"Sisemi nusu, fundi. Nasema kushoto. Siku kumi na mbili, asubuhi, mchana na jioni, ukiacha jana jioni, kushoto tu. Mtu aliyekasirika anasusa chakula. Huyu kasusia upande." Akafunga daftari, akamrudishia. "Leo akisema amemaliza, usimbembeleze. Geuza sahani."

Mwalimu, aliyekuwa ametia vivuli vile vyote thelathini na sita kwa mkono wake mwenyewe, kwa penseli iliyochongwa vizuri, bila kuuona upande, hapendi sana sehemu hii ya habari. Imeandikwa kwa sababu ni kweli.

Jioni ile mzee alikula nusu, akajifuta mdomo, akatoa tangazo lake. Fundi akainuka kama anayetaka kuondoa vyombo. Akaishika sahani, akaizungusha nusu mzunguko, akairudisha pale pale, akakaa. Mzee alitazama chini. Nyusi zikapanda.

"Mbona mmeniongezea?"

"Kidogo tu, baba."

"Kidogo. Mnaninenepesha mniuze." Akashika kijiko, akala, akamaliza. Safari hii alikuwa amemaliza kweli. Fundi na shemeji yake waliangaliana juu ya kichwa cha mzee, na ilibidi mmoja wao aende kuangalia kitu jikoni ambacho hakikuhitaji kuangaliwa.

Asubuhi mwalimu alipiga simu hospitali. Mtaalamu aliyempokea alimweleza kwamba ndiyo, kiharusi cha upande ule wa ubongo kinaweza kumwibia mtu nusu ya dunia. Macho ni mazima, lakini upande wa kushoto hauingii akilini. Haoni kwamba haoni. Karatasi ya kumruhusu mgonjwa ilikuwa imeandika "udhaifu wa upande wa kushoto," na nyumba nzima, pamoja na wasomi wake, ilisoma ikadhani ni mkono na mguu.

Kugeuza sahani kulisaidia siku moja na nusu. Baada ya hapo mzee akaanza kulalamika kwamba anaongezewa kila mlo bila kuulizwa, kwamba mtu mzima ana sahani yake moja na inamtosha, na kila ilipogeuzwa akaweka kijiko mbali. Hivyo chakula chote kikalazimika kukaa upande anaouona, na chote kikae bila kuonekana kingi. Hapo ndipo alasiri za Bi Kitambaa zilipoanza kulipa. Fundi aliacha maua. Aliinua chakula: viazi vilivyolainishwa kwa siagi na maziwa chini, kuku juu yake, yai lililosagwa limeegemea pembeni, vitu vitatu, vimesimama kulia kama mwezi mchanga unaofuata ukingo. Kushoto pakabaki peupe. Mzee alipoona mlo wa kwanza wa namna hiyo hakutaja taa. Aliinamisha kichwa autazame, akasema leo kuna mtu amefikiri, akaanza kula.

Lakini Bi Kitambaa, alipoletewa daftari na kuona miduara isiyo na vivuli, hakuridhika. Alisema wamemhamishia mtu samani zote kwenye chumba kimoja, wakafunga nyumba iliyobaki. Mchuzi ni njia. Mpeleke.

Basi fundi akaanza kuchora. Kutoka kwenye mlima wa viazi alitoa mstari mwekundu wa nyanya, mwembamba, umenyooka, kuelekea kushoto. Siku ya kwanza ulikuwa na urefu wa kidole gumba, na mwisho wake aliweka kijiko kimoja cha ndizi iliyopondwa na asali, ambayo mzee aliipenda kuliko alivyokubali. Siku ya pili aliurefusha kidogo. Siku ya tatu kidogo tena. Kijiko cha mzee kiliufuata bila yeye kuonekana kujali, maana huyo ni mtu ambaye ukimwonyesha mstari hawezi kutojua unakoishia. Ndiyo kazi iliyomlisha. Siku ya tano mstari ulivuka sahani nzima.

Ulikuwa mlo wa mchana, jua limejaa mezani. Kijiko kilianza kulia, kikafika katikati, kikasimama. Mzee alikunja uso.

"Huu mstari unakwenda wapi?"

"Ufuate, baba," alisema fundi.

Akaufuata. Kichwa kiligeuka polepole, kwa shida, kama mlango uliovimba, kikapita mahali ambapo kwa wiki nyingi hakikuwahi kupita, na macho yakafika ukingo wa kushoto wa sahani, kwenye ndizi, na nyuma ya ndizi yakauona mkono wake mwenyewe umelala mezani. Aliviangalia vyote viwili kwa muda mrefu. Mwalimu alisimama mlangoni na kitambaa cha mezani mkononi, hathubutu hata kukikunja.

"Huku kulikuwa na chakula siku zote?" mzee aliuliza mwishoni.

"Siku zote."

"Na nyie mkadhani nimeweka mpaka."

Mzee akatikisa kichwa, na mdomo ukaanza kumchezacheza upande mmoja. "Nyie watu. Miaka thelathini na mmoja, lini mmeniona naweka mpaka bila kigingi?"

Wakacheka mpaka shangazi, aliyekuwa anaingia getini, akauliza kwa sauti nani amekufa, maana aliwasikia akadhani ni kilio. Mzee akaichota ndizi. Ilimchukua mara mbili kuipata, na hakuna aliyemsaidia.

Siku ya kliniki alivaa suruali yake ya kaki ya kazini, ambayo ilibidi ifungwe mkanda tundu la mwisho. Alikataa kupimwa mpaka muuguzi amwonyeshe kwamba mzani ukiwa mtupu unasoma sifuri. Muuguzi akamwonyesha. Akataka kuvua viatu ili asije akasingiziwa kilo za soli. Fundi akavivua. Akasimama juu ya mzani, mkono mmoja begani kwa mwanawe. Muuguzi akasema bega hilo linauibia mzani kilo. Basi mzee akauondoa mkono, akasimama peke yake, akiyumba kidogo, kwa muda ambao ulitosha.

Hamsini na tatu na nusu.

Mzee akaomba warudie. Wakarudia. Ukasoma vile vile. Daktari akaandika, akafunga faili, akasema mpira hautahitajika, waendelee hivyo hivyo, na angependa siku moja kuonyeshwa hizo sahani. Mzee akamjibu kwamba atatafuta nafasi.

Mwalimu alikwenda kuchukua dawa dirishani. Alipogeuka aliwaona wote wawili kwenye benchi la korido. Fundi alikuwa amepiga magoti anamvalisha baba yake kiatu cha kushoto. Mzee aliinama, akageuza kichwa upande ule mpaka akampata mwanawe machoni, akamwambia kitu. Hayakuwa maneno mengi. Fundi alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko kiatu kile kilivyohitaji.

Alichoambiwa kinajulikana na watu watatu. Mmoja alikisema, mmoja aliambiwa, mmoja alisimuliwa miezi mingi baadaye, jikoni, bila kuuliza. Saluni wameuliza, duka la kona wameuliza, shangazi ameuliza mpaka amenuna. Hakisemwi, na hakitaandikwa hapa.